Mama anakuja Ufaransa: nimpeleke Versailles au Fontainebleau?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Mama anakuja kunitembelea Ulaya mwezi wa tano. Alifundisha historia sekondari kule Tanga mpaka akastaafu, na hamu yake kubwa ni kuona kasri la wafalme wa Ufaransa. Paris tutakuwa na Jumanne moja tu, na magoti yanamsumbua. Twende wapi?

Mdau 1:
Dada, Fontainebleau. Treni kutoka Gare de Lyon ni kama dakika 40, kisha basi. Versailles ilianza kama nyumba ya kuwindia ya Louis wa 13, lakini Fontainebleau inatajwa tangu 1137, na wafalme wamepokezana pale karne hadi karne. François wa Kwanza alianza kulijenga upya 1528, akaleta mafundi wa Kiitaliano, Rosso Fiorentino na Primaticcio. Ukumbi waliompambia, kwa michoro na mbao zilizochongwa, upo mpaka leo, na mimi humo nasimama muda mrefu kuliko kokote. Halafu kuna Napoleon. Mapinduzi ya Ufaransa yaliacha kasri tupu, yeye akalijaza samani. Alimzuilia humo Papa Pius wa 7, na tarehe 20 Aprili 1814, akiwa ameshaachia madaraka, akawaaga askari wake uani, mbele ya ile ngazi kubwa iliyopinda pande mbili, akaenda zake uhamishoni kisiwa cha Elba. Kiti chake cha enzi utakikuta palepale. Bustani ni bure.

Mdau 2:
Mkuu umeeleza vizuri, ila Fontainebleau Jumanne wanafunga. Versailles wanafunga Jumatatu.

Mdau 3:
Hata ingekuwa wazi, mwalimu wa historia kutoka Tanga mpeleke Versailles. Ule Ukumbi wa Vioo, mita 73, vioo 357, ndimo Wajerumani walimotangaza dola yao Januari 1871 baada ya kuipiga Ufaransa. Wafaransa hawakusahau. Tarehe 28 Juni 1919 wakawaita Wajerumani ndani ya ukumbi uleule watie saini mkataba wa kumaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa mkataba huo wakapoteza makoloni yao yote, ikiwemo nchi ambayo Waingereza waliipa jina Tanganyika. Mama kalifundisha hilo darasani miaka mingi. Akasimame hapo.

Mleta mada:
Mdau 3, hapo umemaliza ubishi. Na magoti je?

Mdau 2:
Jumanne Versailles hujaa sana, maana Louvre, lile jumba kubwa la makumbusho la Paris, nayo imefungwa. Kata tiketi ya saa ya kwanza mtandaoni mapema. Pandeni treni ya RER C mpaka kituo cha Versailles Château Rive Gauche, kutoka hapo ni mwendo mfupi. Ndani wanaazima viti vya magurudumu, ulizia mlangoni. Bustani msijaribu kuimaliza, ni kubwa mno; mkalisheni mama juu kwenye ngazi, mfereji mkubwa wa bustanini unaonekana.

Mdau 1:
Nakubali, kwa Jumanne ni Versailles. Fontainebleau mwekee safari ijayo.