Natafuta vitabu vya mabinti wa wafalme wa kweli, msichana wangu ako na miaka 13

Mama Neema, Nakuru
Habari zenu wadau. Niko na msichana ako JSS, huyu anasoma mpaka chakula inapoa kwa meza. Tangu akiwa mdogo ni hadithi za mabinti wa wafalme tu, sasa amekua ameanza maswali, mum hawa watu waliishi kweli, nani alikuwa anawaamulia waolewe na nani, na mbona wote ni wa Uingereza na Ufaransa. Hilo la mwisho limenikaa kwa roho. Nataka vitabu vya maisha ya wanawake waliokuwepo, wa kifalme ama waliofanya makubwa, wa huku Afrika nitashukuru zaidi. Kiingereza anasoma vizuri na ningependa pia kimoja cha Kiswahili. Vile vya picha kubwa na sentensi tatu alishavimaliza zamani.

Nyar Kisumo
Mama Neema anza na Salme wa Zanzibar. Alikuwa binti wa Sultan Said, amezaliwa 1844 kwa jumba la Mtoni, na maisha yake aliyaandika yeye mwenyewe. Kilitoka Ujerumani 1886 kwa jina lake la ndoa, Emily Ruete, cha Kiingereza tafuta Memoirs of an Arabian Princess, ni cha zamani kwa hivyo kusoma kwa intaneti ni bure.

Mimi kilinishika pale kwa kujifunza kuandika. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani lakini kuandika hapana, sasa yeye akawa anajificha na mfupa wa bega la ngamia na wino, ananakili herufi za msahafu moja moja mpaka mkono ukazoea. Na hiyo elimu ya kujificha ndio ikamwingiza kwa siasa, ju baba alipokufa 1856 ndugu zake Majid na Barghash wakaja kugombania kiti, na upande wa Barghash mwenye kuandika barua za njama alikuwa huyu Salme, miaka kumi na tano hivi, karibu rika la Neema. Njama ikafeli. Halafu akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, akatoroka 1866 kwa meli ya Waingereza, wakaoana Aden, wakaenda Hamburg, na 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu akamwachia watoto watatu wadogo kwa nchi ya baridi na lugha ngeni. Haki nililia.

Mwalimu wa Kakamega
Nakubaliana na dada hapo juu, lakini Mama Neema usimpe hicho kitabu akasome peke yake. Kuna sura ya utumwa, na huyo Salme anautetea, anawaambia wasomaji wa Ulaya kwamba hawauelewi. Raha yote ya yale majumba, bustani na farasi na vyakula, ilitoka kwa mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watu waliokamatwa huku bara. Mtoto wa miaka 13 anaweza kuelewa hilo vizuri sana akiwa na mtu wa kuongea naye.

Ndio maana mimi ningekiweka pamoja na Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert, na hapo utakuwa umepata Kiswahili ulichotaka, Kiswahili safi cha mtu anayependa lugha. Kisiwa ni hicho hicho lakini Siti ametoka upande ule mwingine, kijiji cha Fumba, kwa ukoo wa watumwa, mama mfinyanzi na yeye mwenyewe alitembeza vyungu akiuza. Shule hakwenda. Sauti yake ndio ilimfikisha hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili, na nyimbo zake zingine zilitetea wanyonge, haswa wanawake. Asome wote wawili halafu muulize Zanzibar ya nani ndio ilikuwa ya kweli. Mimi darasani swali kama hilo linaweza kumaliza kipindi kizima.

Omogusii
Na wetu je? Mekatilili wa Menza watu hudhani ni hadithi ya Pwani tu, kumbe Waingereza walipomshika 1913 kwa kuwaongoza Wagiriama kukataa kodi na kazi ya lazima, walimleta huku Kisii, wakaona ni mbali hataweza kurudi. Akatoroka na mwenzake Wanje wakarudi mpaka Pwani, inasimuliwa ni kwa miguu. Angalia ramani na huyo mtoto, mpitishe kidole kutoka Kisii mpaka Malindi. Kitabu ni cha Elizabeth Mugi-Ndua, Mekatilili wa Menza: Woman Warrior. Sisi pia tuko na Moraa, nabii wa kike anayesimuliwa kumtia moyo Otenyo aliyemchoma mkuki Northcote, afisa wa Waingereza, 1908, huyo ningemwambia aulize wazee wetu huku.

Mama Neema, Nakuru
Jamani asanteni. Hii ya kusoma Salme na Siti pamoja nimeipenda sana mwalimu, nitasoma naye. Kuna wa karibu zaidi na sisi, wa juzi juzi?

Nyar Kisumo
Wangari Maathai, Unbowed. Akiwa mdogo aliishi shamba la mzungu huko kwenu Nakuru ambapo babake alikuwa ameajiriwa, kwa hivyo Neema atajiona kabisa. Mwandishi Grace Ogot naye aliandika ya maisha yake, Days of My Life, ilichapishwa hapa Kisumu 2012. Elizabeth wa Toro huko Uganda, binti mfalme aliyesomea sheria akawa waziri wa Idi Amin kisha akatorokea Kenya, huyo mwekee mpaka afike sekondari. Na umwambie pia juu ya Grace Onyango, meya wetu 1965 na mbunge wa kwanza mwanamke kuchaguliwa Kenya, 1969. Kitabu chake mimi sijakutana nacho dukani, mwenye kukijua atuambie.

Mwalimu wa Kakamega
Cha Siti uliza kwanza maktaba ya taifa hapo Nakuru mjini. Kama hakuna, duka la vitabu likuagizie, wape jina la mwandishi ndio wakipate haraka.