Ujumbe wa kazini: kosa lipi la herufi tulivumilie, na lipi tulikatae?

Mpanga_Ratiba aliandika:

Habari zenu wakuu. Nina swali, ila naomba nieleze kwanza linakotoka.

Kazi yangu ni kupanga ratiba za mafundi. Kutwa nzima nasoma ujumbe: fundi ananiandikia, mteja ananiandikia, nami namwandikia wa tatu. Vifupisho havinipi tabu. "Cjui", "2po njiani", "w2 wamefika", vyote nasoma bila kukwama. Kinachoniumiza ni herufi moja, H. Fundi aliandika "hatakuja kesho asubuhi" akimaanisha mwenzake atakuja. Nikamwambia mteja asisubiri, mteja akaondoka, fundi akafika akakuta mlango umefungwa. Hakuna aliyedanganya wala aliyezembea. Herufi moja imegeuza ndiyo ikawa hapana, na watu wawili wamepoteza siku.

Kinyume chake nacho kipo: "atakuja" kwa maana ya hatakuja. Siwezi hata kujiwekea kanuni kwamba fulani akiandika H nigeuze, kwa sababu ujumbe wake unaofuata ameandika sawasawa kabisa.

Ukiacha H kuna majina. Lugha yetu imejaa majina ya watu ambayo ni maneno ya kila siku: Furaha, Amani, Baraka, Neema, Bahati, Zawadi. Mara nyingi sarufi inatuokoa, maana "neema imefika" na "Neema amefika" hayachanganyiki. Lakini someni hii: "jana nilikuwa na furaha mpaka jioni". Alifurahi, au alishinda kazini na mtu anayeitwa Furaha? Kwenye ratiba yangu hilo ni swali la malipo ya siku nzima ya mtu, na herufi kubwa moja ingelimaliza.

Nikirekebisha kwenye kundi, wapo wanaonuna. Naambiwa "si umeelewa lakini?" Mara nyingine sijaelewa, nimekisia tu. Kukisia huko ni kazi, na mwandishi ameitua kichwani kwake akanitwisha mimi.

Swali langu: nyie mnaosoma ujumbe wa kazi kila siku, mnaweka mpaka wapi? Yapi mnayaacha yapite, yapi mnayasimamia? Na mtu mzima mnamwambiaje bila kumdhalilisha?

---

chapa_kale alijibu:

Mleta mada, nianze kwa kuvitetea vifupisho, maana najua wengi watakuja hapa kuvilaani.

SMS ya kwanza ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992, na nafasi ya ujumbe mmoja ilikuwa herufi 160, ukihesabu na nafasi tupu kati ya maneno. Sasa Kiswahili kinakibebesha kitenzi kila kitu: nani, lini, kwa nani, ndiyo au siyo. "Hatutakusubiri" ni neno moja na limeshakula herufi 14. Halafu kumbukeni simu za vitufe. S ilikuwa herufi ya nne kwenye kitufe cha 7, unabonyeza mara nne kuipata. X ilikuwa ya pili kwenye 9. "Sasa" ilitaka mibonyezo kumi, "xaxa" sita. Sidai kwamba kila aliyeandika "xaxa" alipiga hesabu hiyo, lakini vidole vilikuwa vinaijua.

Simu ya kioo imeiondoa sababu hiyo. S na X zote ni mguso mmoja, na simu nyingi zinajiwekea zenyewe herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi. Anayeandika herufi ndogo mwanzo mpaka mwisho mara nyingi ameamua, ni mtindo wake. Akiwaandikia rafiki zake simgusi. Ila simu haiwezi kujua kwamba furaha wa jana ni mtu. Hiyo kazi bado ni ya mwandishi, na haijawahi kuwa ya mtu mwingine.

Mpaka wangu ni huu. Kifupisho chenye tafsiri moja tu nakiacha: "w2" ni watu, basi. Kikiwa na tafsiri mbili nakirudisha kwa aliyekiandika, hata kama mimi nimeshakisia.

---

sikio_la_tatu alijibu:

Mimi wanaosema viwango vimeporomoka nawapinga kidogo, angalau kwenye H, na kwenye R na L pia.

Kiswahili kinaandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Mwingereza anakosea tahajia kwa sababu amesahau neno linavyoandikwa. Sisi tunakosea kwa sababu ya jinsi tunavyosikia na kutamka. Wengi wetu hii ni lugha ya pili. Zipo lugha za Kibantu zisizotofautisha R na L, zipo zisizo na H, na zisizo na sauti za dh na th ni nyingi. Mtu aliyekulia huko akiandika "lahisi" au "zahabu" ameandika kwa uaminifu kabisa kile kinachomtoka mdomoni. Zamani matamshi haya yaliishia hewani. Wengi hawakuwa na sababu ya kuandika kila siku, na barua nyingi ziliandikwa na mtu mmoja kwa niaba ya wengine. Leo kila mtu anaandika mwenyewe, na tunayasoma maneno ya watu ambao zamani tungewasikia tu. Kwangu hilo ni jambo jema, na nisingependa tuwafukuze kwa kuwacheka.

Hata hivyo hasara ipo palepale, na mashine haitatusaidia. Programu ya kusahihisha tahajia inakamata neno lisilokuwepo. Haikamati "karamu" pale ulipotaka kalamu, "mahari" pale ulipotaka mahali, "fahali" pale ulipotaka fahari, "samani" pale ulipotaka thamani, wala "kupiga kula". Yote ni maneno halali. "Hatakuja" nalo ni neno halali, ndiyo maana linapita bila mstari mwekundu.

Kwa anayesumbuliwa na H ninafundisha hivi: kabla hujaandika, iseme sentensi kwa wingi. Ukijisikia unasema "watakuja", basi hakuna H. Ukijisikia unasema "hawatakuja", weka H. Kwa wingi tofauti ni silabi nzima, na hata anayedondosha H atasema "awatakuja", ile silabi ya ziada ataisikia tu. Watu wazima wanaishika upesi sana.

Na kwako mleta mada, kuna njia ya kuikwepa H kabisa kwenye ratiba. Acheni "atakuja" na "hatakuja". Tumieni wakati uliopo: "anafika kesho" au "hafiki kesho". Kwa vitenzi vinavyoishia na A, kukanusha kwa wakati uliopo kunabadilisha na irabu ya mwisho, kwa hiyo hata mtu akiandika "afiki kesho" bila H, huwezi kukosea alichomaanisha. Vivyo hivyo "analipa" na "halipi", "anaweza" na "hawezi". Lugha yenyewe imetuwekea alama mbili. Tuzitumie.

---

Bi_Nukta alijibu:

Nakubaliana na Sikio hapo juu, na hiyo ya "hafiki" naichukua.

Nataka kuongeza kuhusu herufi kubwa, kwa sababu watu huzitetea kana kwamba ndizo zinazoipa lugha heshima. Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa, na hati hiyo haina herufi kubwa hata moja. Tenzi ndefu ziliandikwa humo, zikasomwa, zikaeleweka. Herufi kubwa ni chombo cha hati ya Kilatini, na chombo hupimwa kwa kazi yake: kuonyesha sentensi inapoanza na kuonyesha jina. Ndiyo maana kosa linaloniudhi zaidi siku hizi ni la upande wa pili, Mtu Anayeandika Kila Neno Hivi, au anayeandika ujumbe mzima kwa herufi kubwa. "JANA NILIKUWA NA FURAHA." Yule Furaha wako amepotea tena, na sasa msomaji anadhani anafokewa.

Maneno yaliyokatwa, kama "ana kuja" na "ni mefika", au yaliyounganishwa, kama "kwasababu", mimi nayarekebisha kwenye barua na matangazo. Kwenye ujumbe wa simu nayaacha. Alama ya ng' sikubali iachwe, kwa sababu "kung'oa" ni jambo moja na "ngoa" ni jambo lingine, na fundi anayeng'oa bomba anastahili kuandikiwa kazi yake sawasawa. Najua kwenye kibodi nyingi alama hiyo imefichwa ukurasa wa pili. Ni mguso mmoja zaidi.

Kuhusu namna ya kumwambia mtu: usimrekebishe mbele ya kundi, hata kwa upole. Mrudishie sentensi yake ikiwa sahihi, kwa njia ya swali. Akiandika "baraka hatakuja", wewe andika: "Kwa hiyo Baraka hafiki, sivyo?" Kama alimaanisha anafika, atakwambia papo hapo. Kama alimaanisha hafiki, ameshaona jina linavyoandikwa na hakuna aliyemvua nguo. Nimefanya hivyo na watu walionizidi umri na cheo, na hakuna aliyenuna.

---

Mpanga_Ratiba alijibu:

Shukrani sana, wakuu. "Anafika" na "hafiki" naviweka kwenye maelekezo ya kundi leo hii, na swali la Bi Nukta nitalitumia kwa kila ujumbe wenye jina.

Ndugu Sikio, nimekuelewa kuhusu wanaoandika wanavyosikia, na umenibadilisha mtazamo juu yao. Lakini kuna kundi hujaligusa: wanaojua. Ninaye mtu ambaye barua yake ya kuomba kazi haikuwa na doa. Kwenye ujumbe wa ratiba anaandika kama anakimbizwa, na ujumbe huo ndio unaomtoa fundi nyumbani kwake alfajiri. Huyo simhurumii. Anachagua nani astahili uangalifu wake, na mafundi hawamo.

Chapa_kale, kanuni yako ya tafsiri mbili imekutana na hii asubuhi: "mabomba 2meleta". Mabomba mawili, au mabomba tumeleta?

---

chapa_kale alijibu:

Hiyo irudishe kwa mwenyewe. Ujumbe ukiwa na vitu vya kuhesabika, namba ibaki kuwa namba: "tumeleta mabomba", au "tumeleta mabomba 2", na "tu" iandikwe kwa herufi zake zote. Kwa marafiki aandike "2meleta" apendavyo. Kwenye ratiba ya vifaa mimi nisingeipokea hata mara moja.