Mrejesho: popo wa paa la bibi

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini picha zangu za popo wadogo wanaotoka kwenye paa la bibi hapa Tanga zinatoka ukungu mtupu. Mlioniambia niache kuwakimbiza kwa kamera, asanteni sana.

Jana saa kumi na mbili na nusu jioni nilijibanza chini ya mwembe, lenzi nimeielekeza kwenye pengo la mabati, fokasi ya mkono, shata 1/1000 (picha inanaswa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde), ISO 3200 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), bila flashi. Wakaanza kudondoka mmoja mmoja kama majani makavu, kisha ghafla mbawa zinafunguka. Picha 140, zinazofaa tatu! Moja bawa linapitisha mwanga, vidole unavihesabu. Mbu nao walinila vibaya. Hao popo wanaokula wadudu sijui walikuwa wamefunga kula.