Nataka kununua boti ya dagaa, ila sijawahi kuona mwanamke mwenye chombo

Mama Beseni:
Salaam wakubwa kwa wadogo. Nina miaka 34, nipo Tanga, mwaka wa saba nachuuza dagaa pale soko la samaki la Deep Sea. Alfajiri tunaingia majini mpaka magotini, beseni kichwani, tunagombea ndoo. Bei anapanga mwenye chombo. Ikiingia mbalamwezi vyombo vinalala na sisi tunakaa bure.

Nina akiba kikobani, natamani boti ndogo, hata iliyokwishatumika, na nyavu. Kila ninayemuuliza ni mwanaume, na jibu ni kicheko: "Bibie, utakwenda baharini wewe?" Kwani matajiri wa vyombo huwa wanakwenda? Wengine hata kuogelea hawajui! Nimuulize nani?

Mzee wa Makorora:
Boti si beseni, mwanangu. Nahodha akiuza nusu ya mzigo hukohuko baharini utajuaje? Ongeza mtaji kwenye dagaa.

Binti Pangani:
Mzee wangu shikamoo, kwani wanaume hawaibiwi? Dada, Bi Khadija alikuwa na misafara ya biashara kwenda Sham na yeye yupo Makka. Alitafuta waaminifu, akawapa mali. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimfanyia kazi kabla hajamuoa. Wakicheka, waambie hilo.

Fundi Spea:
Bi Khadija sawa, ila hawezi kukwambia mashine inakunywa petroli kiasi gani. Na hao matajiri wa kike wa kwenye runinga, "jiamini, jiamini", wamenichosha. Mimi kabla ya kufungua duka langu la spea nilishinda miezi miwili kwa mama mmoja muuza rangi. Siku moja akanifunulia daftari lake: nani anamdai, nani kamkimbia, mwezi upi alikula mtaji. Woga ulinitoka pale. Tafuta mwenye daftari, hata kama anauza mbao.

Karani Mstaafu:
Halmashauri inatenga asilimia 4 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, bila riba. Ila ni kwa kikundi. Benki watakuuliza hati, na hati za nyumba zetu mnajua zina majina ya nani.

Mama Beseni:
Ahsanteni. Wenzangu wa kikoba nitawauliza Jumamosi. Mzee, la nahodha nimelishika. Mdogo wangu ni baharia, nitaanza naye. Walioko Bagamoyo, mgao mnafanyaje?

Mwana Dunda:
Toa mafuta na chakula kwanza, shoga. Kinachobaki ndiyo mnagawana, chombo na watu. Na uwepo pwani kinaposhuka, kila siku.