Kijana anataka kutafiti usugu wa dawa za VVU: asome nini, na kazi yenyewe ikoje?

Mama Salma, Lamu

Assalaam alaikum jamvini. Mtoto wa dada yangu amemaliza kidato cha nne hapa Lamu. Biolojia na Kemia amepata vizuri, na hamu yake ni moja: atafiti virusi vya UKIMWI, hasa kwa nini dawa humfaa mtu kwa miaka kisha zikaacha kufanya kazi. Nina maswali matatu. Achukue digrii ya mikrobiolojia au ya sayansi ya maabara ya tiba? Kazi yenyewe ikoje, toka damu inapotolewa hadi jibu kumfikia daktari? Na la tatu, kuna aliyemwambia kwamba tangu dolutegravia, dawa mpya ya VVU, ije usugu umekwisha, kwa hivyo atasomea jambo lililopitwa na wakati. Ni kweli? Naomba walio ndani ya fani wajibu kwa kina, hata yakiwa marefu tutasoma.

Mwalimu Kombo, Malindi

Waalaikum salaam Mama Salma. Hilo la digrii lisichukuliwe kwa wepesi, maana hapo ndipo vijana hukwama baada ya miaka minne ya ada. Hapa Kenya, anayepima damu ya mgonjwa na kutoa jibu la tiba lazima awe amesajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB. Bodi husajili waliosomea maabara ya tiba katika vyuo inavyovitambua. Mwenye digrii ya mikrobiolojia anaweza kutafiti, kufundisha au kufanya kazi viwandani, lakini digrii hiyo peke yake haimpi leseni ya kumpima mgonjwa.

Kwa maoni yangu, kama ada ya uzamili haina uhakika, achukue maabara ya tiba kwanza, asajiliwe, kisha aende uzamili wa virolojia au biolojia ya molekuli. Akikosa nafasi ya utafiti bado ana kazi ya hospitali. Kama njia ya uzamili inaonekana wazi, mikrobiolojia haina ubaya wowote. Uzamili kwa kawaida ni miaka 2, uzamivu 3 au zaidi. Wala si lazima akimbilie mbali: kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome Trust kiko Kilifi tangu 1989, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko mji huohuo. Aanze kuomba nafasi za mafunzo ya vitendo mapema, asingoje mwaka wa mwisho.

Benchi la Kilifi

Nitajibu la pili. Mama, kwanza kijana akielewe kirusi chenyewe. Kina herufi za vinasaba karibu 9,700 tu, na kimeng'enya chake cha kunakili hakisahihishi makosa. Ndani ya mtu asiyetibiwa huzaliwa virusi vipya karibu bilioni 10 kila siku. Kwa hesabu hiyo, kila kosa la herufi moja linaloweza kutokea huwa limeshatokea kabla hata kidonge hakijamezwa. Dawa hailiumbi kosa, hulichagua. Ndiyo maana zidovudini, dawa ya kwanza, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987 na kufikia 1989 akina Brendan Larder walikuwa wameshaeleza virusi sugu kwa dawa hiyo. Tangu 1996 dawa tatu kwa pamoja ndiyo kanuni: kirusi kimoja kubeba makosa yote yanayohitajika kwa mpigo ni jambo la nadra mno.

Sasa kazi. Damu hutolewa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA inayozuia damu kuganda. Plazma, yaani maji ya damu yasiyo na seli, itenganishwe ndani ya saa 24, na chumba kisizidi nyuzi 25. Malindi mwezi wa Machi hakuna chumba cha nyuzi 25 bila kiyoyozi, kwa hiyo tenganisha mapema uwezavyo. Plazma igawanywe kwenye vichupa kadhaa vidogo ili kila kimoja kiyeyushwe mara moja tu, kisha iwekwe kwenye friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya dukani inayojiyeyusha barafu haifai, maana hupanda na kushuka joto na RNA, yaani vinasaba vya kirusi, hukatikakatika.

RNA hutolewa kwenye plazma, hugeuzwa kuwa DNA, kisha huzidishwa kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, raundi mbili. Sehemu tunayoitaka ni jeni ya pol, yenye maelekezo ya vimeng'enya vya kirusi ambavyo dawa huvilenga (kodoni moja ni herufi tatu): protezi kodoni zote 99, kimeng'enya cha kunakili hadi kodoni ya 240 au zaidi, na integresi yenye kodoni 288, ambayo mara nyingi huzidishwa peke yake. Hapa makosa ni mawili makubwa. La kwanza ni uchafuzi. Raundi ya pili ya PCR hutoa nakala nyingi kiasi kwamba tone lisiloonekana hugeuka jibu la mgonjwa mwingine. Basi chumba cha kuchanganyia vitendanishi, cha kutolea RNA na cha kuzidishia viwe mbalimbali. Mtu hutoka chumba cha kwanza kwenda cha mwisho, harudi nyuma na koti lilelile. Kila raundi iwe na sampuli ya maji matupu, nayo ikitoa mstari kwenye jeli, dalili kwamba kuna DNA, raundi nzima inatupwa. Halafu chora mti wa ukoo wa virusi vyote vya wiki hiyo: wagonjwa wawili wasiohusiana wakikaa tawi moja karibu sawasawa, kuna tone lililoruka.

La pili ni kusoma vibaya. Mashine ya kusoma herufi itamletea kijana picha ya vilele vya rangi nne, kila herufi na rangi yake. Aende kodoni ya 184. Kirusi cha kawaida kina ATG. Kile sugu kwa lamivudini kina GTG, ndiyo M184V. Mara nyingi herufi ya kwanza ina vilele viwili mahali pamoja, A na G, kwa sababu damu ina virusi vya aina zote mbili. Hapo huandikwa R. Ukiiachia programu ichukue kilele kirefu tu, utaandika A na usugu utakupita. Na hata jicho zuri, kwa njia hii ya kusoma iitwayo Sanger, halioni kirusi kilicho chini ya asilimia 15 hadi 20 ya virusi vyote.

Bint Shela

Kwa hilo la kusoma, kijana hana haja ya kungoja chuo. Hifadhidata ya usugu ya Chuo Kikuu cha Stanford iko wazi, haina malipo. Achukue mfuatano wowote wa herufi za pol kutoka GenBank, hazina ya wazi ya vinasaba, aubandike humo, aone alama za kila dawa: 0 hadi 9 kirusi kinaathirika na dawa, 60 na kuendelea ni usugu mkubwa. K103N, kosa la kodoni ya 103 ya kimeng'enya cha kunakili, peke yake humfikisha mtu kwenye 60 kwa dawa za nevirapini na efavirenzi zote mbili. Ajifunze pia kuandika programu kwa R au Python. Maabara nyingi zina mikono ya kushika pipeti; wa kuchambua mifuatano mia kwa usiku mmoja ni wachache.

Mfamasia wa Malindi

Niliingie la tatu, kwa kuwa dhana hiyo inasikika sana na ni hatari. Dolutegravia ni dawa imara kwelikweli. Hung'ang'ania integresi, kimeng'enya kinachopachika vinasaba vya kirusi ndani ya vya seli, kwa muda mrefu, na makosa kama R263K au G118R humdhoofisha kirusi mwenyewe. Utafiti wa NADIA wa Uganda, Kenya na Zimbabwe, uliochapishwa 2021, ulionyesha kwamba hufanya kazi hata pale kirusi kina usugu kwa tenofovia na lamivudini zinazoambatana nayo. Ila nguvu yake ina mpaka. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 ilionyesha usugu kwa dolutegravia wa asilimia 3.9 hadi 8.6 katika tafiti za nchi, na ukafika 19.6 kwa waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa na virusi vingi damuni.

Sababu nyingine ziko dirishani kwetu. Kidonge kimoja kwa siku kina tenofovia miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegravia 50. Mgonjwa akianza rifampisini ya kifua kikuu, dolutegravia hushuka damuni, kwa hiyo huongezwa kidonge cha miligramu 50 baada ya saa 12, na huendelea hivyo wiki 2 baada ya rifampisini kwisha. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini huifunga tumboni: dolutegravia imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye. Wajawazito wanaopewa madini ya chuma waambiwe hivyohivyo, au wameze vyote pamoja na chakula. Mtu anaapa kwamba hajakosa kidonge, na anasema kweli, lakini dawa haikuingia mwilini.

Halafu kuna sindano. Kabotegravia, sindano ya kumkinga mtu asiambukizwe VVU, hukaa mwilini miezi mingi baada ya sindano ya mwisho, ikipungua polepole. Mtu akiambukizwa katika kipindi hicho, kirusi hukutana na dawa moja, tena kidogo, na usugu wake kwenye integresi unaweza kuigusa dolutegravia. Nevirapini na efavirenzi zilitufunza jambo hilohilo: mtu akiacha dawa zote siku moja, hizo hubaki peke yake damuni kwa siku nyingi. Kazi ipo, Mama Salma, na ya miaka mingi.

Mama Salma, Lamu

Ahsanteni sana, amesoma yote na anaandika daftarini. Ameuliza moja: mgonjwa wa Kizingitini au Faza, plazma yake itafikaje hiyo friza ndani ya saa 24 na bahari ya kusi imechafuka?

Benchi la Kilifi

Swali zuri hilo, na jibu ni kadi ya damu kavu, karatasi yenye maduara ya kudondoshea damu. Matone matano, kila duara maikrolita 75, lijae kwa tone moja bila kuongezwa juu yake. Kadi ilazwe sambamba, ikauke usiku mzima mbali na jua na feni, kisha mfuko wa zipu wenye vifuko vya silika na kadi ya kupimia unyevu. Ifike ndani ya wiki 2. Hewa ya Lamu ina unyevu mwingi, kwa hiyo kadi ya kupimia ikigeuka kutoka buluu kuwa waridi, badilisha silika hapohapo, usingoje Mokowe.

Ajue na udhaifu wake. Damu nzima ina pia kirusi kilichojificha ndani ya seli, kwa hiyo unaweza kusoma kumbukumbu ya zamani badala ya kirusi cha leo. Pia kipimo cha wingi wa virusi husoma kipande kifupi cha RNA, wakati sisi tunahitaji herufi zaidi ya elfu mfululizo. Kadi iliyoharibika kwa unyevu inaweza kutoa wingi wa virusi 20,000 kwa mililita na bado PCR yetu ikakataa. Na mgonjwa apimwe akiwa bado anameza dawa, wingi ukiwa 1,000 au zaidi. Akishaacha wiki kadhaa, kirusi cha kawaida huwafunika wale sugu na jibu litasema yuko salama. Kadi ikikataa, fomu iandikwe "sampuli imeharibika kwa unyevu" na damu itolewe upya. Isiandikwe kamwe kwamba kirusi hakikuonekana.