Makaroni na jibini: ya pakiti, ya sosi ya kupika mwenyewe, au ya dengu?

MamaKijiko (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Kwangu makaroni na jibini hayalali, watoto wakisikia harufu tu hawasubiri kuitwa. Nataka kuamua moja: niendelee na ya pakiti yenye unga wa jibini, nipike sosi mwenyewe, au nihamie makaroni ya dengu ambayo kila mtu anayasifia kwa protini? Lishe naiangalia kwanza, ila chakula kisipoliwa lishe yake inabaki sahanini. Mnasemaje?

Bi_Mizani
Mama, usidhani cha kupika mwenyewe lazima kiwe chepesi. Chukua mapishi ya kawaida ya watu wanne: makaroni makavu gramu 400, jibini ya Cheddar gramu 300, maziwa zaidi ya nusu lita, siagi na unga kidogo. Kila sahani inatoka na kalori karibu 900, na mafuta kama gramu 40. Ila pia unapata protini gramu 35 na ushee, na kalsiamu karibu miligramu 700, wakati mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Hicho ni mlo kamili wa mtu mwenye njaa, usikiweke pembeni ya nyama.

Ya pakiti inaonekana nyepesi kwa sababu ya hesabu ya resho, yaani kiasi wanachosema ni cha mtu mmoja. Pakiti ya Kraft, ile kampuni ya Marekani, ya gramu 206 inahesabiwa karibu resho tatu, kama kalori 350 kila moja ikishatiwa siagi na maziwa. Niambie nani anakula theluthi ya pakiti akanawa mikono. Kinachonitisha zaidi ni chumvi: resho moja ya pakiti nyingi ina sodiamu miligramu 500 hadi 700, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya 2,000 kwa siku nzima.

SufuriaMoja
Mnaionea pakiti bure. Bi Mizani, hiyo Cheddar yako nayo ina sodiamu zaidi ya miligramu 600 kwa kila gramu 100. Sahani moja ya mapishi yako imeshapata karibu 500 kabla hujatia chumvi kwenye maji ya kuchemshia. Hapo tofauti iko wapi?

Pakiti ilitoka Marekani mwaka 1937, hali ya uchumi ikiwa mbaya, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kuponi moja ya mgawo ilikupa pakiti mbili. Ilijaza matumbo, tena haraka. Na wanaolalamikia rangi wajue kwamba mwishoni mwa 2015 Kraft waliondoa rangi za viwandani kwenye ile ya kawaida ya Marekani, wakaweka paprika, anato (rangi ya mbegu za mmea) na manjano. Walikaa kimya hadi 2016 ndipo wakatangaza. Walaji wengi walikuwa wameshaila bila kushtuka.

FundiSosi
Mimi za lishe nawaachia. Nazungumzia kwa nini sosi ya pakiti haikatiki, yaani haiachani mafuta na madonge, na yako inakatika.

Kwenye jibini, mafuta na maji vimeshikiliwa na protini iitwayo kasini, na kasini yenyewe imeungwa kwa kalsiamu. Moto ukizidi, protini zinajikunyata, mafuta yanaelea juu, chini unabaki na madonge. Viwandani wanatia chumvi za sitreti au fosfeti. Hizo zinaipokonya kasini ile kalsiamu, protini zinalegea na kuyashika mafuta upya. Basi, siri yote ni hiyo.

Bila hizo chumvi, unga ndio mkombozi wako. Kaanga siagi na unga kwa moto mdogo mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Mimina maziwa kidogo kidogo ukikoroga bila kuacha. Sosi ikianza kushika mgongo wa mwiko, epua. Narudia, EPUA, halafu ndipo utie jibini, konzi kwa konzi. Ukwaruze mwenyewe, maana ile inayouzwa imeshakwaruzwa hupakwa wanga isigandamane, na sosi inakuwa na chengachenga. Jibini kongwe ina ladha kali lakini inakatika upesi, kwa hiyo ichanganye na changa.

MamaKijiko
Fundi, nimekuelewa, hapo pa kuepua ndipo kwenye kazi. Na dengu je? Mbona hamgusi?

KundeKwanza
Naingia. Gramu 100 kavu za makaroni ya dengu zina protini kama 20, ya adesi nyekundu karibu 25, ya ngano nyeupe 12 au 13. Kwenye karatasi yanashinda. Jikoni yana vituko: yanatoa povu jingi, yanapita kutoka magumu hadi uji kwa muda mfupi sana, na usiyapeleke oveni kama yameshaiva kabisa. Epua mapema, suuza, changanya na sosi, kula hapohapo. Ladha ya kunde inasikika, ingawa jibini kali inaifunika kiasi.

Bi_Mizani
Kunde, nakubali namba zako, lakini unaziba tundu ambalo halipo. Protini jibini imeshaleta. Kinachokosekana kwenye sahani hii ni nyuzinyuzi na vitamini C. Ngano nyeupe ina nyuzinyuzi gramu 3 hivi kwa 100, ngano nzima inapita 8. Changanya nusu kwa nusu, tupia brokoli au njegere dakika za mwisho za kuchemsha, punguza jibini na utie haradali kijiko cha chai. Haradali inaifanya ladha ya jibini isikike zaidi.

Mpitanjia
Na sisi ambao maziwa yanatuvuruga tumbo?

FundiSosi
Jibini kongwe ina laktosi, ile sukari ya maziwa, kidogo mno. Kinachokusumbua ni maziwa ya sosi. Tumia yaliyoondolewa laktosi, sosi inashika vilevile.

MamaKijiko
Nimeamua. Sosi nitapika mwenyewe, ngano nusu kwa nusu, brokoli ikatwe ndogo wasiweze kuichomoa. Dengu zisubiri siku nakula peke yangu. Pakiti zilizobaki kabatini sizitupi.

SufuriaMoja
Ukizichoka nitafute.