Zamu ya Jumapili: niichukue?

Swali: Nafanya kazi ghala moja Changamwe, hapa Mombasa, nyumbani Likoni, ng'ambo ya feri. Msimamizi ataka niongeze zamu ya Jumapili. Hela ni nzuri na friji yetu imekufa. Lakini foleni ya feri inanila jioni zote. Jumapili ndiyo siku pekee naenda ufukweni Mama Ngina na wanangu kula mihogo. Mngefanyaje?

Jibu: Kaka, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wakichukua Jumapili, wakupe nyingine.

Jibu: Mie ningefanya mwezi mmoja tu, friji ipatikane. Ukiizoea hela hiyo utachukua mkopo, na hapo huachi tena.

Muulizaji: Ahsanteni. Mama watoto asema bila friji samaki tutanunua wa siku hiyo hiyo. Kesho namwambia msimamizi hapana.